Mashauri ya Afya: Siri ya Mgonjwa ni Amana

Wazee wetu walituachia methali mbili zinazomhimiza mgonjwa aseme. Ya kwanza ni "Mficha uchi hazai," na ya pili ni "Mficha maradhi, kifo humfichua." Hapana shaka methali hizi ni za kweli. Walakini zote mbili zamtazama mgonjwa peke yake. Leo yafaa tumtazame na yule anayesikia, yaani mganga, muuguzi, karani wa kuandikisha wagonjwa na mtoa dawa. Maana mtu hawezi kufunua maradhi yake mbele ya mtu asiyejua kufunika.

Hapa Wamagana, kama katika miji mingine midogo ya Nyeri, watu wajuana. Mtu akikaa kungojea zamu yake kwa mganga, aghalabu huwa kati ya jirani yake na mwalimu wa mtoto wake, na yule anayeandika jina lake dirishani pengine huimba naye kwaya siku ya Jumapili. Kujuana huku kuna heri, lakini kuna hatari pia. Karani akiuliza kwa sauti kuu, "Umekuja kuchukua dawa za nini?" au mlango wa mganga ukiachwa wazi, habari hufika sokoni kabla mgonjwa hajafika.

Kwa sababu hiyo wako watu wanaopanda matatu na kulipa nauli mpaka Nyeri mjini, Karatina, au hata Nairobi, kutafuta dawa ambazo wangeweza kuzipata karibu na nyumbani. Siku nauli ikikosekana, dawa nazo hukosekana. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu, au mwenye virusi vya ukimwi, kukatiza dawa ni hatari kubwa, kwa kuwa vijidudu huweza kuzoea dawa hata zisifae tena. Basi ulimi wa mtu mmoja waweza kuharibu kazi ya miezi mingi ya matibabu.

Kutunza siri ya mgonjwa si jambo jipya. Kiapo cha waganga kinachoitwa kwa jina la Hippocrates, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, chamtaka mganga anyamazie yale ayaonayo na ayasikiayo kazini. Mwaka 1948 Chama cha Waganga cha Dunia kilirudia agizo hilo huko Geneva. Nasi katika Kenya tunayo Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 31 humpa kila mtu haki ya faragha, na katika kifungu cha 43 haki ya kutunzwa afya yake. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kukataza kutangaza majibu ya kipimo cha mtu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo yasema kwamba habari za mgonjwa ni siri, isipokuwa yeye mwenyewe akubali, au sheria au mahakama iamuru, au kunyamaza kwenyewe kulete hatari kubwa kwa afya ya watu wote.

Mtu aweza kudhani kwamba maneno hayo ni ya vitabuni tu. La, sivyo. Mwezi wa Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza maofisa wa serikali wakusanye habari za watoto wa shule wenye virusi vya ukimwi, pamoja na habari za walezi wao. Nia ilitajwa kuwa njema, yaani kupanga msaada. Hata hivyo chama cha KELIN na wenzake walikwenda mahakamani. Tarehe 7 Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu aliamua kwamba njia ile ilivunja haki ya faragha na haki za watoto, akaamuru majina yaliyokwisha kukusanywa yafichwe kwa alama, ili mtoto asiweze kujulikana. Ikiwa amri ya Rais yaweza kuzuiwa na siri ya mtoto mmoja wa shule, je, karani wa dirishani ni nani hata aitangaze siri ya jirani yake?

Basi, kila mwenye kuendesha chumba cha matibabu, kikubwa au kidogo, na ashike mambo haya. Kwanza, mlango ufungwe mgonjwa anaposema, na asiingie mtu mwingine bila ruhusa ya mgonjwa. Pili, mgonjwa aitwe kwa jina au nambari, wala si kwa ugonjwa wake. Tatu, faili zitiwe kabatini na kufungwa kwa ufunguo, wala zisiachwe mezani. Na picha ya cheti isipelekwe kwa simu ovyo. Nne, kabla ya kumpima au kumpasua, mganga amweleze mgonjwa kwa lugha anayoifahamu, ikiwa ni Kiswahili au Kikuyu, kisha angoje jibu lake.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Mkataba wa Haki za Wagonjwa, uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013, wamtaka aseme kweli juu ya hali yake, na awaheshimu wagonjwa wenzake pamoja na wanaomtibu. Yafaa basi tusimwulize mwenzetu kwenye foleni, "Una nini wewe?" wala tusitege masikio penye ukuta.

Mtu akivunjiwa siri yake, asitukane wala asinung'unike nyumbani tu. Aandike tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa, akapeleke malalamiko kwanza kwa mkuu wa kituo. Asiposikizwa, aende kwa ofisi ya afya ya kaunti, au kwa Baraza la Madaktari, au kwa Kamishna wa Kulinda Data, ambaye kazi yake yatokana na sheria ya mwaka 2019.

Dawa huponya mwili wa yule aliyethubutu kuja. Lakini kinachomfanya athubutu kuja ni kujua kwamba atakayoyasema mle chumbani hayatatoka mle. Anayetaka wagonjwa waseme kweli, na awe yeye kwanza mtu wa kuaminiwa.