Barua kwa Ndugu wa Pwani: Juu ya Baraza la Wayahudi wa Uingereza

Kwa wazee wangu, ndugu zangu na vijana wa Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja.

  Lililonifanya nishike kalamu safari hii si habari za baridi wala za ughali wa kodi za nyumba, ambazo mmekwisha kuzisikia kwa kila aliyefika huku kabla yangu, bali ni jambo la uongozi wa jumuiya ndogo ndani ya nchi kubwa, jambo ambalo sisi watu wa Pwani tulioko ughaibuni bado halijatukalia sawa, na ambalo mfano wake hai uko hapa hapa London, kwa watu ambao pengine wengi wenu hamkutaraji niwatolee mfano.

Watu hao ni Wayahudi wa Uingereza, na chombo ninachotaka kukisimulia ni Baraza lao la Wajumbe. Lilianza mwaka 1760, Mfalme George wa Tatu aliporithi ufalme, pale wazee wa sinagogi la Bevis Marks, ambao asili yao ilikuwa Uhispania na Ureno, walipowateua wajumbe 7 wapeleke salamu za taadhima kwa mfalme mpya. Na kwa kuwa Wayahudi wenzao waliotoka Ujerumani na Poland walikuwa na kamati yao mbali, pande mbili hizo zikaafikiana kwamba kila litakapozuka jambo la kuwahusu wote, wataketi pamoja. Zingatieni kwamba hawa hawakuwa watu wa asili moja, wala wa lugha moja, wala hata wa namna moja ya kusoma sala zao. Wa Ureno aliona fahari kwa nasaba yake, na wa Poland alidharauliwa kwa ufukara wake, na juu ya hayo yote mkutano wao haujavunjika mpaka leo, ilhali sisi twashindwa kuketi jamvi moja kwa sababu huyu ni wa Mvita na yule ni wa Pemba.

Naanza na kazi ya Baraza hilo iliyo ndogo machoni, kwa kuwa kwangu mimi ndiyo kubwa. Mwaka 1836 sheria ya ndoa ya Uingereza ilipoandikwa upya, Wayahudi walipata ndani yake kifungu chao, na rais wa Baraza akapewa mamlaka ya kumthibitishia Msajili Mkuu wa serikali ni nani katibu wa ndoa wa kila sinagogi. Maana yake ni kwamba bwana na bibi harusi wa Kiyahudi wanaposimama chini ya kitambaa cha harusi yao, na rabi akamaliza dua, yuko papo hapo mtu wa jumuiya yao mwenyewe, anayetambuliwa na dola, wa kuiandikisha ndoa ile, ikawa sahihi kwa dini na kwa sheria. Sasa itazameni hali yetu. Binti zetu wangapi wameolewa huku kwa nikaha kamili, pana walii, pana mashahidi, pana mahari na biriani ya wageni, kisha ndoa ilipovunjika wakaambiwa mahakamani kwamba mbele ya sheria ya nchi hawakuwahi kuolewa? Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilikata kauli kwamba nikaha ya peke yake, isiyofuata taratibu za sheria ya ndoa, haihesabiwi hata kuwa ndoa batili, sembuse ndoa halali. Siwalaumu majaji. Nasema tu kwamba wenzetu waliliona jambo hili karibu miaka 190 iliyopita, wakamtuma mtu wa kwenda kulisemea kabla wino haujakauka.

Rais wa zama zile alikuwa Sir Moses Montefiore, aliyelishika Baraza kuanzia mwaka 1835, kwa kuacha na kurudi, mpaka 1874. Mwaka 1840, mwaka uleule merikebu ya Sayyid Said iitwayo Sultana ilipotia nanga New York, padri mmoja wa Kikatoliki alipotea mjini Damascus pamoja na mtumishi wake, na wakubwa wa Kiyahudi wa mji ule wakatuhumiwa kwamba wamewaua ili watumie damu yao katika ibada. Wakafungwa, wakaadhibiwa kwa mateso yasiyosimulika, na baadhi yao wakafa gerezani. Montefiore alifunga safari na mwanasheria wa Kifaransa, Adolphe Crémieux, wakamwendea Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri na Sham, huko Iskandaria mpaka waliosalia wakafunguliwa, kisha yeye akaendelea hadi Istanbul, akapata kwa Sultani Abdulmecid firmani ya kuukanusha uzushi ule wa damu. Mtu huyu hakuwa balozi wa dola yoyote. Nguvu yake ilikuwa kwamba kila mlango aliobisha, aliweza kueleza ni nani waliomtuma.

Lakini nisiwapambie. Montefiore huyuhuyu, ukali wake ulipomzidi, alikataa kulitambua sinagogi jipya la wana-mageuzi lililoanzishwa London mwaka 1840, na kwa kuwa mamlaka ya kuthibitisha yalikuwa mikononi mwake, ndoa zao zikakosa katibu mpaka Bunge lilipowapa haki yao kwa sheria ya mwaka 1856. Chombo kilichoundwa kuwatetea wachache kiligeuka kuwa ngome dhidi ya wachache walio ndani yake. Na maradhi haya, ndugu zangu, hayana dini wala rangi. Baadaye wana-mageuzi walikaribishwa Barazani, wakakaa. Wenye msimamo mkali zaidi wa dini ndio waliotoka, mwaka 1971, na wengi wao wako nje hadi leo.

Na hapa pana kisa ambacho ningependa kisimuliwe Barawa na Lamu. Mwezi wa Juni 2013, kituo cha Waswahili wa Barawa, hao wenye lahaja yao ya Chimiini, kilichokuwa Muswell Hill, kaskazini ya London, kilitiwa moto usiku, na ukutani yakakutwa maandishi ya herufi za kundi moja la wachukia Waislamu. Ramadhani ilikuwa mlangoni. Pahala pa watoto kusoma Kurani hapakuwako tena, wala pahala pa kufuturu, wala pa tarawehe. Waliofungua milango ni watu wa sinagogi la mageuzi la Finchley, wa tapo lilelile ambalo Montefiore alilinyima cheti: wakawapa Wabarawa ukumbi, viatu vikapangwa mlangoni kama vinavyopangwa mlangoni mwa msikiti wowote, tende zikagawiwa, na watu wakasali jamaa chini ya paa ambalo babu zao wasingeota kusalia. Hilo halikuamriwa na Baraza. Lilikuwa tendo la jirani kwa jirani. Ila jirani yule alikuwa na nyumba iliyosimama, yenye wadhamini, daftari na funguo, na aliweza kuamua kwa siku chache, kwa kuwa vizazi vilivyomtangulia vilikwisha kugombana vya kutosha juu ya nani mwenye amri ya nini.

Nataka nikae kidogo na mwaka 1917, kwa maana mambo ya mwaka ule ndiyo yaliyonifanya niwaandikie. Uingereza ilikuwa vitani, na wakubwa wake walikuwa wakijadiliana na viongozi wa Kizayuni juu ya Palestina. Tarehe 24 Mei gazeti la The Times lilichapisha tamko lililotiwa saini na David Lindo Alexander, rais wa Baraza, pamoja na Claude Montefiore wa chama kingine cha Kiyahudi, wakisema kwamba Wayahudi ni umma wa dini na si taifa lisilo kwao, na kwamba kuwapa Wayahudi wa Palestina haki za upendeleo juu ya wenyeji wengine kutaleta balaa. Mtu anayesoma maneno hayo leo anaweza kusema hawa walikuwa na busara ya kuona mbali, na mimi ni mmojawapo wa wanaosema hivyo. Lakini tazameni yaliyofuata. Wajumbe hawakuwa wameulizwa. Tarehe 17 Juni Baraza lilikutana, hoja ya kulipinga tamko ikaletwa, kura zikapigwa, na hoja ikapita kwa 56 dhidi ya 51. Alexander akajiuzulu. Wanahistoria waliochambua kura ile wameonesha kwamba si wote waliompinga rais wao walikuwa Wazayuni. Wengi walikasirishwa na jinsi wakubwa wachache wenye majumba na vyeo walivyosema kwa jina la watu wote bila ya kushauri mtu. Tofauti ya kura 5 tu ilimwondoa rais wa jumuiya nzima kitini, na asubuhi yake jumuiya ilikuwapo, Baraza lilikuwapo, na rais mwingine akatafutwa.

Nani kati yenu aliyepata kumwona mwenyekiti wetu akitoka kwa kura 5, asiondoke na daftari, na muhuri, na nusu ya wanachama?

Tena Baraza limekosea hadharani zaidi ya mara moja. Tarehe 4 Oktoba 1936, mafashisti wa Oswald Mosley walipotaka kupita mashariki ya London, Baraza liliwanasihi Wayahudi wakae majumbani. Maelfu kwa maelfu hawakusikia, wakashuka na majirani zao wakaziba mtaa wa Cable Street, na mafashisti wasipite. Hata hivyo mwaka uleule Baraza lilikwisha kuunda kamati ya kupambana na uchochezi wa mafashisti kwa vitabu, mikutano na wasemaji. Na kabla yake, mwaka 1933, Bunge lilipopitisha sheria ya kuwatia ganzi wanyama kabla ya kuchinjwa, uchinjaji wa Kiyahudi ulisamehewa, na wa Kiislamu ukasamehewa pamoja nao. Leo hii nikisimama kwenye bucha la halali, nikimwambia mwuzaji anikatie kilo ya nyama ya mbuzi yenye mfupa kwa ajili ya pilau, hujua kwamba haki ile ina historia, na kwamba msamaha huo ukitishwa tena Bungeni, Baraza hilo halitakosa kusimama kuutetea.

Mtaniuliza: na Palestina? Swali ni la haki, wala sitalikwepa. Baraza huitetea dola ya Israeli kwa dhahiri, na katika hilo mimi sikubaliani nalo, na yanayowapata watu wa Ghaza yananitia simanzi usiku na mchana. Lakini insafu yanitaka niwaambieni na mengine. Mwezi wa Aprili 2025, wajumbe 36 wa Baraza hilohilo waliandika barua katika gazeti la Financial Times, wakisema kwamba hawawezi kuinyamazia serikali ya Israeli iliporejea vitani Ghaza. Baraza likawafungulia shauri la nidhamu. Mimi naona lilikosea, na kwamba lingewasikiliza lingejipa nguvu. Na mwezi wa Julai 2020 rais wa Baraza, Marie van der Zyl, alimwandikia balozi wa China mjini London juu ya Waislamu wa Uighur, akasema kwamba hakuna awezaye kuona picha za watu wale waliofungwa wakipelekwa kwenye magarimoshi asikumbuke yaliyowapata Wayahudi chini ya Wanazi. Serikali nyingi za Kiislamu zilikuwa kimya.

Kwa ufupi, mpango wa Baraza hilo ni huu. Masinagogi na vyama, hata vya wanafunzi, huchagua wajumbe wapatao 300. Wajumbe humchagua rais kwa miaka 3, wala hazidishi vipindi viwili mfululizo, wala halipwi mshahara. Kazi za kila siku hufanywa na watumishi wanaolipwa. Ilifika mwaka 2000 ndipo mwanamke wa kwanza, Jo Wagerman, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule, alipochaguliwa kuwa rais, na hilo lilichelewa mno. Rais wa sasa ni Phil Rosenberg, aliyeingia mwaka 2024. Nao Wayahudi hao si umma mkubwa: sensa ya mwaka 2021 iliwahesabu katika England na Wales zaidi kidogo ya 270,000.

Asiniambie mtu kwamba haya ni ya wenye mali tu. Alikuwa mwana wa Mombasa, Mulla Asghar Jaffer, aliyeasisi na kuliongoza hapa Uingereza shirikisho la dunia la Makhoja Ithnaasheri mwaka 1976, baada ya watu wake kutawanywa kwa kufukuzwa Uganda na kwa mitihani ya kwingineko, akalijenga kwa katiba na mikutano. Na kumbukeni mwaka 1903, serikali ya Uingereza ilipowapendekezea Wazayuni ardhi ya Uasin Gishu, wakajadiliana London na Basel kwa miaka miwili kabla ya kuikataa. Wanandi na Wamasai, wenye nchi, hawakuulizwa na mtu, kwa kuwa hawakuwa na mjumbe katika ukumbi wowote ambamo jina la ardhi yao lilitajwa.

Basi sisi huku tumeanza kuandika katiba ya baraza litakaloviunganisha vyama vyetu, na nina maombi mawili kwenu. La kwanza, msitutumie ugomvi wa huko: anayetaka kujua fulani ni wa chama gani cha siasa au anamfuata shehe gani, na amwulize fulani mwenyewe. La pili, baadhi yenu mna baba na babu waliokuwa makatibu wa vyama vya kale vya Mombasa, Tanga na Unguja, na makaratasi yao, katiba, daftari za mikutano, hesabu za michango, yako makabatini yakiliwa na mchwa. Tafadhali yapigieni picha ukurasa kwa ukurasa, hasa pale palipoandikwa jinsi kiongozi anavyoondolewa, mtuletee kabla ya Rajabu, kwa kuwa kifungu hicho ndicho kilichotushinda kuafikiana.

Wasalimuni wote wanaoniulizia.

Wassalaam,
Ndugu yenu, London