Bukavu: Si kila moto ni wa SNEL

Nyumba ikiungua Kadutu, kabla majivu hayajapoa jibu liko tayari: "Ni SNEL." Umeme ulikatika, ukarudi na nguvu, nyumba ikashika moto. Mara nyingine ni kweli, na mimi sitawatetea wanaotuacha gizani. Lakini kuna moto tunaouwasha sisi wenyewe ndani ya ukuta, na juu ya huo tunanyamaza.

Nazungumzia mashine za kukausha nguo, zile za mtumba zinazotoka Ulaya. Siwalaumu wanaozinunua. Toka Septemba hadi Mei mvua hapa kwetu haitupi nafasi. Mama mwenye mtoto mchanga, au yule anayefulia watu ili alishe nyumba yake, ataanika wapi? Kosa si la mashine, ni la prizi inapochomekwa.

Tuhesabu. Mashine ya wati 2500 kwa volti 220 inavuta zaidi ya ampere 11, tena saa nzima, si dakika mbili kama birika. Weka resho ya wati 1500 kwenye laini hiyo hiyo, ni karibu 7 nyingine. Jumla 18. Na katika nyumba nyingi laini yote, taa na prizi pamoja, ni waya wa 1.5, waya wa taa! Umeme ukizidi mara mbili, joto ndani ya waya linazidi mara nne. Linakusanyika hasa pale nyaya zilipounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa skochi, juu ya plafo, katikati ya mbao kavu.

Hapo dijonkteri inaruka. Inafanya kazi yake. Sisi tunaita fundi: "Papa fundi, hii kitu inatusumbua." Anatoa ya ampere 10, anaweka ya 32, tunamlipa na kumshukuru. Sasa waya unaweza kuiva mpaka kuungua bila kitu chochote kuruka. Dijonkteri haiwekwi kwa kufurahisha mashine, inawekwa kulinda waya. Fundi asiyejua hilo si fundi. Anayejua na bado anafanya, simpi jina hapa kwa sababu watoto pia wanasoma.

Mashine hiyo inadai laini yake peke yake, toka kwenye tablo mpaka prizi moja tu: waya wa shaba wa 2.5, dijonkteri ya 16 au 20, isizidi hapo. Hakuna ralonji. Na waya wa ardhi uwe umefika ardhini kweli, maana mwili wa mashine ni chuma na anayeigusa ana mikono yenye maji. Pamoja nao, diferansieli ya miliampere 30. Mtaniambia ni ghali. Mita kumi na tano za waya hazifikii bei ya mashine mliyokwisha kununua.

Muwe macho sokoni pia. Kuna waya umeandikwa 2.5 na ndani ni mwembamba, au ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua kwa kisu mbele ya muuzaji. Ukiona weupe, mrudishie.

Wenye nyumba nao watasema mashine ni ya mpangaji, si shauri lao. Lakini garanti ya miezi mingi mnaihesabu wenyewe kwa mkono. Basi kabla ya kuipokea, mfungulieni mpangaji tablo aone, na muandike kwenye mkataba ni waya gani uko ukutani. Mbao zinazoungua ni zenu, na za jirani ambaye hana hata pasi.

Na nyinyi wakubwa wa mitaa, mnaotutoa Jumamosi kwa salongo na kukagua mitaro, ni lini mtaomba kuona tablo?