Gemu za ngumi: Asiyecheka wala kujifunza ndiye wa kuangaliwa

Swali ambalo wazazi wa Olkaria na wa mitaa ya kando ya Ziwa Naivasha huniuliza mara kwa mara ni hili: "Daktari, hizi gemu za kupigana hazitamfanya mwanangu mhalifu?" Wasiwasi huo unaeleweka. Mzazi anapita karibu na kibanda cha gemu, anachungulia, anaona vijana wawili wamekodolea runinga macho huku watu wa kuchorwa wakitwangana ngumi na mateke. Anaenda zake akiwa na hakika kwamba mtoto amepotea.

Mwaka wa 2020, Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilipitia upya utafiti kuhusu jambo hili. Kilisema hakuna ushahidi wa kutosha wa kuhusisha gemu za ukatili na uhalifu wa kutumia nguvu, ingawa upo uhusiano mdogo na ukali wa kawaida, kama vile kufokeana na kusukumana. Kwa hivyo, kwa maoni yangu, mzazi anayehesabu ngumi zilizo kwenye kioo anahesabu kisichohitajika. Yafaa kwanza ajue mwanawe anacheza kwa sababu gani.

Wachezaji wa aina mbili

Walio na umri kama wangu watakumbuka Tekken 3, iliyoingia kwenye PlayStation mwaka wa 1998. Ndani yake alikuwamo Eddy Gordo, mpiganaji wa capoeira, mchezo wa Brazil ulioanzishwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Mtu ambaye hajawahi kushika padi aliweza kumchagua Eddy, akabonyeza vitufe vya mateke ovyo ovyo, na akamwangusha mjuzi wa mtaa. Watu waliangua kicheko. Raundi yenyewe huchukua kama dakika moja, kwa hivyo aliyeshindwa hana muda wa kununa. Anarudi ulingoni au anampisha mwenzake. Huu ndio utamu wa mchezo wa kujifurahisha: mgeni ana nafasi, na wote wako pamoja, bega kwa bega.

Utamu wa pili ni wa mashindano. Wacheze raundi kumi, na yule mjuzi atamjua Eddy. Atajua ainame lini, azuie lini, na ampige wakati gani. Wachezaji wa ngazi hii hukariri mapigo ya kila mpiganaji, na kasi ya pigo huihesabu kwa vipande vya sekunde, 60 katika kila sekunde moja. Wanachopenda ni kumsoma mtu mwingine na kujirekebisha wenyewe.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wa pwani wana bao la kiswahili, ambalo mtu huhitaji miaka mingi kulimudu, na wana bao la kujifunza, lenye sheria nyepesi za wanaoanza. Hakuna aliyewahi kusema moja ni la wapumbavu na jingine ni la wagonjwa. Waundaji wa gemu wamefuata njia hiyo hiyo: Street Fighter 6, iliyotoka mwaka wa 2023, ina namna rahisi ya kutumia vitufe kwa wageni na ile ya zamani kwa waliobobea.

Na mashindano yamewafikisha watu mbali. Sylvia Gathoni, Mkenya aliyesomea sheria na anayejulikana kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya UYU ya Marekani mwaka wa 2018 kwa ustadi wake katika Tekken. Mwaka wa 2019, Arslan Ash wa Lahore, Pakistan, alishinda mashindano ya Evo ya Tekken 7 huko Japani, kisha akashinda yale ya Las Vegas. Dunia ilishangaa, kwani wengi hawakujua kuwa Pakistan ina wachezaji wa kiwango hicho.

Aliyekwama katikati

Basi ni nani anayenitia wasiwasi mimi kama daktari? Ni yule aliyekwama kati ya njia hizi mbili. Moyo wake ni wa mashindano lakini mazoezi yake ni ya kubahatisha. Ameshindwa, anataka kulipiza. Anashindwa tena, anaongeza raundi nyingine. Akicheza kwa intaneti mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu mpinzani ni mtu asiyemwona, alama zake zinapanda na kushuka mbele ya macho yake, na hakuna mwenye kibanda wa kumwambia muda umekwisha. Pesa zikiwekwa mezani, hata shilingi 20 tu, mchezo umegeuka kamari, na sheria ya Kenya haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari.

Kijana huyu utamtambua kwa urahisi. Hacheki kama wale wanaojifurahisha, wala hajifunzi kama wale wanaoshindana. Anarudia tu.

Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka wa 2019 orodha mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na uraibu wa gemu umo. Dalili zake kuu ni tatu: kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu kuliko shughuli nyingine zote, na kuendelea kucheza hata pale madhara yanapoonekana wazi. Kwa kawaida dalili hizo huwa zimedumu kwa miezi 12, na ziwe zimevuruga masomo, kazi au maisha ya nyumbani. Ni wachezaji wachache wanaofikia hapo. Usimwite mwanao mraibu kwa sababu amechelewa chakula cha jioni siku mbili.

Usingizi na viungo

Madhara ninayoyahofia zaidi ni ya usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku. Hapa kwetu kuna ugumu wa pekee. Mvuke wa Olkaria umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme usiku na mchana tangu mwaka wa 1981, na wapo wazazi wanaofanya kazi kwa zamu. Baba akiwa zamu ya usiku, hayupo wa kuuliza kwa nini taa ya sebuleni bado inawaka saa nane. Akirudi asubuhi analala, na mtoto anaenda shuleni akisinzia. Wazazi wa zamu wakubaliane mapema na mtu mzima mwingine nyumbani, au padi zifungiwe kabatini kabla ya kwenda kazini.

Pia angalia mikono. Maumivu kwenye shina la kidole gumba, hasa mtu anapokunja ngumi na kuinamisha kifundo cha mkono kuelekea kidole cha mwisho, huenda yakawa dalili ya uvimbe wa kano. Apumzishe mkono, na maumivu yasipopungua amwone daktari. Na mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga wa kumetameta asicheze kabla ya kupata ushauri wa daktari.

La kufanya

Siungi mkono wanaotaka vibanda vyote vifungwe. Ukivifunga, kijana atahamia kwenye simu chumbani, ambako hakuna wa kumwona wala wa kucheka naye. Wenye vibanda wafuate masharti matatu: hakuna mwenye sare ya shule wakati wa masomo, hakuna pesa za dau, na mlango ufungwe saa inayoeleweka.

Kama mwanao anataka kushindana, mchukulie kama unavyomchukulia mkimbiaji. Awe na saa maalumu za mazoezi, siku ya kupumzika, na angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri kwa wenye miaka 5 hadi 17. Mwulize wiki hii amejifunza nini. Mwenye nia ya kweli atakueleza mpaka uchoke wewe.

Na jioni moja, badala ya kuchomoa waya kwa hasira, keti kando yake na umwombe padi ya pili. Eddy Gordo amerudi katika Tekken 8 tangu mwaka wa 2024. Mchague yeye na ubonyeze ovyo. Mtazame mwanao unapomwangusha, na unapoangushwa. Akicheka, au akikuonyesha ulipokosea, huyo ni mzima. Akikunyang'anya padi ili arudi kwa wapinzani wake asiowajua, zungumza naye kwa upole usiku huo huo. Hali ikidumu, mlete hospitalini. Uraibu wa gemu hutibiwa kwa ushauri nasaha, na anayekuja mapema husaidika kwa urahisi zaidi.