Daktari, Muulize kwa Kiswahili

Huenda mwalimu wa lugha akauliza: upasuaji wanihusu nini mimi? Wamhusu, tena sana.

Shingoni, kila upande, mna mshipa mkuu upelekao damu ubongoni. Mafuta hujikusanya humo, na kipande kikimeguka huweza kuleta kiharusi. Tangu miaka ya 1950 madaktari wamekuwa wakiupasua mshipa huo na kuusafisha. Ili kuusafisha, hubidi waubane kwanza, damu isipite. Je, ubongo utatosheka na damu ya mishipa iliyosalia?

Zipo mashine za kupima mawimbi ya umeme ya ubongo na kasi ya damu. Lakini ipo pia njia ya kumtia mgonjwa ganzi shingoni tu, abaki macho, asemeshwe. Maneno yakimparaganyika, au mkono wa upande wa pili ukilegea, daktari hupitisha damu upesi kwa mrija mdogo.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008, wenye wagonjwa 3,526, haukuona tofauti kubwa ya usalama baina ya ganzi na nusukaputi. Ila waliotiwa ganzi waliohitaji mrija walikuwa asilimia 14 tu, ilhali wa nusukaputi walikuwa asilimia 43. Usemi wa mgonjwa uliwaonyesha madaktari ni nani hasa aliyeuhitaji.

Sasa mfikirie mzee wa hapa Dandora, nikaapo mimi, amelala mezani. Akiambiwa kwa Kiingereza ahesabu kutoka mia kurudi nyuma, naye akasita, daktari atajuaje kama kilichopungua ni damu au ni Kiingereza?

Swali hili halingoji chumba cha upasuaji. Hata zahanatini, kiharusi hutambuliwa kwa uso uliopinda, mkono uliolegea na usemi uliovurugika. Usemi haupimiki kwa lugha asiyoimudu mgonjwa.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi. Hata hivyo, madaktari wetu hufunzwa kwa Kiingereza. Sidai vitabu vyote vitafsiriwe kesho. Nataka jambo dogo: mwanafunzi wa udaktari atahiniwe pia katika kumhoji mgonjwa kwa Kiswahili.

Nanyi walimu, mwanafunzi anayetamani udaktari akiwauliza Kiswahili kitamfaa nini, mwambieni kwamba ipo siku uhai wa mtu utategemea jinsi atakavyolielewa jibu lake.