Bafu tatu, lakini maji ya moto ni ya watu wawili

GOMA – Katika mitaa kama Himbi na Katindo, nyumba nyingi mpya zinajengwa na bafu zaidi ya moja. Kuna ya wazazi ndani ya chumba chao, kuna ya watoto, kuna ya wageni karibu na sebule, na mara nyingine kuna ya nje kwa mlinzi. Mwenye parseli anaweza kuzunguka maduka siku nzima akichagua karo na vioo. Maji ya moto anayakumbuka mwisho, wakati kuta zimekwisha kupigwa sima, na hapo fundi anaambiwa afunge tanki moja ya umeme kwenye bafu ya wazazi.

Nyumba ikiwa na watu watano, kosa hilo halionekani. Lakini Goma ya leo si mji wa nyumba za watu watano. Familia nyingi zilizokimbia vita zilifikia kwa ndugu, na baada ya kambi za pembeni ya mji kuvunjwa mwaka 2025, wengine walibaki humo humo. Nyumba ina bafu tatu na watu kumi na wawili au zaidi, na maji ya moto yako nyuma ya mlango wa chumba cha baba na mama. Nani atabisha hodi chumbani kwa mkubwa saa kumi na mbili asubuhi, na ndoo mkononi? Mgeni ananyamaza, anaoga baridi, na mtoto wake anaoga baridi pia. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na asubuhi ya mvua hapa si mchezo kwa mtoto mchanga.

Wengine wanatumia makala. Sufuria inachemshwa juu ya mbabula jikoni, kisha mama anaibeba kupitia korido ambamo watoto wanakimbizana. Maji yaliyochemka yanachuna ngozi ya mtoto papo hapo. Na kuna wanaoingiza mbabula yenyewe ndani ya bafu, wakafunga mlango ili joto lisitoke. Hewa ya makala haina harufu ya kumwamsha mtu, na inaua. Makala iwake nje au penye upepo, hata kama maji yatapoa kidogo njiani.

Dawa ambayo wengi wanaipendekeza ni kuweka tanki ya umeme kila bafu. Inavutia, lakini hesabu yake ni nzito. Tanki tatu za wati 2,000 zikiwaka pamoja zinakula wati 6,000, yaani ampea zaidi ya 27 kwa umeme wa volti 220, kabla hata pasi na friji havijahesabiwa. Waya nyembamba zilizopita darini zinaanza kupata moto. Kisha mwisho wa mwezi wageni wanaonekana ndio wamemaliza umeme, na maneno yanaanza.

Njia nzuri zaidi inaanzia kwenye karatasi ya ramani: bafu ziwekwe mgongo kwa mgongo, jiko liwe upande wa pili wa ukuta, na tanki moja ikae katikati yao. Umbali ndio unaokula maji. Tiyo yenye tundu la milimita 15 inashika karibu lita 2.6 katika urefu wa mita 15. Maji hayo yanapoa ndani ya ukuta, na kila anayefungua robine anayamwaga kwanza akingoja ya moto. Watu saba wakioga kila mmoja kwa saa yake, karibu bidoni nzima ya lita 20 imekwenda chini. Katika mji ambao watu wanabeba bidoni kichwani, hiyo ni hasara ya kuona haya. Bafu ikiwa mbali kweli, upande mwingine wa parseli, hapo tanki ndogo ya pili ina maana.

Ukubwa nao upimwe kwa ndoo. Tanki ya lita 100 yenye maji ya nyuzi 60, yakichanganywa na maji ya nyuzi 20, inatoa karibu lita 200 za nyuzi 40. Kwa dushi inayomwaga lita 8 kwa dakika, watu wawili wakisimama chini yake dakika kumi kila mmoja, wa tatu hatamaliza. Kwa ndoo za lita 15, yanatosha watu kumi na tatu hivi. Kwa hiyo bafu ya wageni au ya nje ipewe robine ya chini ya kujazia ndoo, yenye baridi na moto. Bei yake ni ndogo kuliko kioo kimoja cha mapambo. Na ndoo itangulizwe maji baridi, kwa sababu nyuzi 60 zinaunguza mtoto kwa sekunde chache.

Mafundi wa Goma wanajua kazi, lakini wanasukumwa wamalize haraka. Mwenye nyumba asimame juu ya mambo machache. Tiyo ya PVC ya maji baridi isipitishwe maji ya moto, italegea. PPR ndiyo inayofaa. Maji ya baridi na ya moto yatoke kwenye tanki moja ya juu. Moja likitoka REGIDESO moja kwa moja na lingine juu ya nyumba, lenye nguvu linasukuma lenzake na dushi haitulii. Klape ya kuzuia maji yasirudi nyuma iwepo, kwani mji ukikatiwa maji tanki inaweza kujimwaga, na umeme ukiwaka ndani ya tanki tupu chuma cha kupasha kinaungua. Soupape ya usalama isizibwe eti inadondosha maji. Inadondosha ili tanki isipasuke. Na waya wa kwenda ardhini upimwe na fundi umeme, maana mawe ya volkano hayapitishi umeme vizuri kama udongo. Chuma kimoja kilichopigwa juu ya lava hakimlindi aliyelowa.

Atakayesema nyumba ni yake na bili analipa mwenyewe, ana haki. Lakini mgeni huyo amekwisha kupokelewa, analala humo na anakula humo. Ukuta ukiwa bado mtupu, kupeleka tiyo ya pili hadi bafu ya nje ni kazi ya asubuhi moja. Karo zikishabandikwa, ni nyundo, vumbi na malipo mara mbili.