Kabla ya Kuuliza 4K, Uliza Mihimili

Droni ndogo za kupigia picha huuzwa kwa alama moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa boksi: 4K. Muuzaji huitaja kwanza, mnunuzi huishikilia, na hata anayekodi mpiga video wa harusi huiulizia kabla ya jambo lingine lolote. Alama hiyo inaeleza wingi wa nukta zinazounda picha, zaidi ya milioni nane kwa kila fremu. Haielezi kama picha itatulia. Video inayoyumba haiokolewi na wingi wa nukta, na wanaonunua droni kwa kutazama 4K peke yake wanalipia kitu kisichokuwa na umuhimu wa kwanza.

Kinachoulizwa mwisho, pengine kisiulizwe kabisa, ni gimbali: kile kishikio kidogo chenye viungo kinachobeba kamera chini ya pua ya droni.

Ili kuona kwa nini kishikio hicho kina uzito mkubwa hivyo, inabidi kwanza kufahamu droni inavyoruka. Droni ya propela nne haina usukani. Inapotaka kwenda mbele, propela za nyuma huongeza kasi, mkia ukanyanyuka, pua ikainama, na nguvu iliyokuwa ikiibeba juu sasa ikaisukuma mbele pia. Ikitaka kusimama, inainamia nyuma. Ikitaka kwenda kushoto, inalalia kushoto. Hata inaposimama palepale juu ya ufuo huku kaskazi ikivuma, huwa imeinamia upande unakotoka upepo ili isipeperushwe. Droni ya Phantom 4, iliyotoka mwaka 2016, inaweza kuinama hadi digrii 25 katika hali ya kawaida na digrii 42 katika hali ya mwendo wa kasi. Kamera iliyofungwa moja kwa moja kwenye mwili wa namna hiyo ingeonyesha bahari ikipanda na kushuka, na nyumba zikilala ubavu. Kwa hiyo kuyumba si dalili ya droni mbovu. Ndivyo chombo chenyewe kinavyosafiri.

Gimbali kamili ina mihimili mitatu. Mmoja huinamisha na kuinua kamera, wa pili huizuia isilale ubavu, wa tatu huigeuza kushoto na kulia. Kila mhimili una mota yake ndogo isiyo na brashi wala gia, na hapo ndipo penye siri ya ulaini wake, kwa sababu meno ya gia huacha mwanya, na mwanya huo huonekana kwenye video kama kushtuka. Pamoja na kamera hukaa jiroskopu na kipimamchapuko, vyote vimo ndani ya chipu ndogo, vikipima mwelekeo mamia ya mara kwa sekunde. Mwili wa droni ukiinama digrii 25, mota huirudisha kamera digrii 25 hizo hizo upande wa pili, papo hapo. Watengenezaji wa Phantom 4, kampuni ya DJI ya Shenzhen, waliandika kwamba kosa linalobaki ni digrii 0.02 tu.

Kazi hiyo inaonekana vizuri sekunde chache baada ya kuwasha droni. Kamera iliyokuwa imelegea inanyanyua uso, inageuka huku na huku, inainama, kisha inatulia ikitazama mbele. Inajipima. Ikiwekwa juu ya majani marefu yanayoizuia, mota hulazimika kupambana nayo na rimoti hutoa onyo kwamba gimbali imeelemewa. Ndivyo inavyokuwa pia rubani anaposahau kuondoa kifuniko cha kuilindia. Kamera huwa imepimwa uzito ili ikae sawasawa katikati ya mihimili yake, na filta nzito ya kupunguza jua ikibandikwa mbele ya lenzi inatosha kuvuruga mizani hiyo.

Wazo lenyewe ni la kale. Mabaharia walitundika dira ndani ya pete zilizopachikwa moja ndani ya nyingine ili chombo kiyumbe na dira ibaki bapa. Dira ile ilitegemea uzito wake yenyewe. Kwenye droni uzito hautoshi, kwa kuwa kitu kinachoning'inia huanza kubembea kila chombo kinapoongeza kasi au kufunga breki, ndiyo maana pakahitajika mota na vihisi.

Anayebisha kwamba gimbali ni jambo la pembeni atazame kilichotokea kati ya mwaka 2013 na 2014. DJI ilitoa Phantom 2 Vision, yenye kamera ya megapikseli 14 na video ya 1080p, ila ilitulizwa kwenye mhimili mmoja tu. Nusu mwaka baadaye ikaja Phantom 2 Vision+. Megapikseli zilikuwa 14 zile zile, na video ilikuwa 1080p ile ile. Badiliko kubwa lilikuwa gimbali ya mihimili mitatu, na hilo lilitosha kumpa mtu wa kawaida picha za angani zilizotulia kiasi ambacho hapo nyuma kilihitaji helikopta na vifaa vya bei ya kutisha. Miaka miwili baadaye Mavic Pro iliibana mihimili hiyo mitatu ndani ya droni inayokunjwa na kuingia mkobani.

Wapo wanaosema siku hizi programu inatosha. Hoja yao haipaswi kupuuzwa. Programu hukata kingo za kila fremu na kusogeza kilichobaki ili mtikisiko usionekane, na kwenye mwanga mkali hufanya kazi nzuri. Marubani wa droni za FPV, wanaoruka wakiwa wamevaa miwani yenye skrini, hufunga kamera bila gimbali kamili kwa makusudi, kwani wanataka mtazamaji ahisi droni inavyolala kwenye kona. Mwaka 2021 Jay Christensen alirusha droni ya aina hiyo ndani ya ukumbi wa bolingi mjini Minneapolis, ikapita kati ya watu na mitambo kwa mkupuo mmoja, na dunia nzima ikaitazama.

Lakini harusi nyingi za pwani hukolea jioni, taa zikiwa hafifu. Usiku kamera huacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi katika kila fremu. Kamera ikitikisika ndani ya muda huo, picha inapoteza ukali palepale, na programu haiwezi kurudisha ukali ambao haukurekodiwa. Gimbali huizuia hasara hiyo kabla haijatokea. Hii ndiyo tofauti ambayo mnunuzi anatakiwa kuielewa kabla hajatoa pesa.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili: gimbali haifanyi kila kitu. Inazuia kamera isizunguke, haizuii droni nzima kupanda na kushuka. Hilo ni jukumu la GPS, kipimo cha kanieneo na kamera za tumboni. Ule mtetemo wa haraka unaofanya nguzo zionekane zikicheza kwenye video hutoka kwa propela iliyopinda au kubanjuka, na hupunguzwa na vipira vidogo vinavyotenganisha gimbali na mwili. Rubani anayekatakata kona kwa ghafla naye ataharibu video hata awe na kifaa bora. Kwenye mipangilio ya programu nyingi za kurushia droni kuna sehemu ya kupunguza kasi ya gurudumu la rimoti linaloinamisha gimbali, na wapiga video wengi hawajawahi kuifungua.

Wauzaji waandike idadi ya mihimili pale pale wanapoandika 4K. DJI huiandika kwenye maelezo ya droni zake: Spark ya mwaka 2017 ina miwili, Mini 2 ina mitatu, Neo ya 2024 ina mmoja. Kwenye droni nyingi za bei nafuu zisizo na jina, kinachoitwa gimbali ni mota ndogo ya kuinamisha lenzi kwa rimoti tu, isiyotuliza chochote. Kuitambua hakuhitaji fundi. Mnunuzi aombe droni iwashwe dukani propela zikiwa zimesimama, aishike mkononi, ailaze ubavu taratibu huku akitazama kamera. Kamera ikilala pamoja na mwili, asilipe bei ya mihimili mitatu.