Chungu cha Kwetu Ugenini

Leo twapenda kusema juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa dogo, nalo ni chakula cha mtu akaaye mbali na kwao. Jamaa nyingi za hapa Aru zina mtoto au ndugu aliyekwenda ng'ambo kwa masomo au kwa kazi. Zamani aliandika barua, leo apiga simu. Lakini neno halikubadilika: baada ya kuwasalimu wazee, huuliza nyumbani mmepika nini.

Sisi watu wa mpakani hatukuzoea taabu hiyo. Avukaye kwenda Arua, katika nchi ya Uganda, hula enya ileile aliyolelewa nayo, kwa maana Walugbara wa huku na wa kule ni watu wamoja. Mpaka ndio uliokuja baadaye. Nchi ya Lado, aliyokuwa ameishika Mfalme Leopold II, ilitiwa chini ya serikali ya Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Vyungu havikupata habari hiyo. Hata leo katika soko la Ariwara mtu hununua vitu kwa shilingi ya Uganda, wala haoni ajabu.

Aendaye Ulaya, mambo yake ni mengine. Walakini, kama yuko Ubelgiji, asikate tamaa. Katika mji wa Bruxelles, mtaani Ixelles, pana mahali paitwapo Matonge, jina lililochukuliwa kwa mtaa mmoja wa Kinshasa. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 wanafunzi wengi wa Kongo walipanga huko. Ndipo yakafuata maduka na mikahawa. Leo mtu huona huko kwanga zilizofungwa katika majani, mafuta ya mawese, unga wa muhogo, ndizi za kupika, na sombe iliyokwisha kutwangwa na kugandishwa kwa baridi. Bei yake si ya Ariwara, kwa kuwa vitu hivyo vimepanda ndege. Mwanafunzi mwenye fedha kidogo hununua sombe mara moja kwa mwezi, akala viazi vya Wabelgiji siku nyingine. Nasi twaona afanya vema.

Jambo moja latuchekesha. Mkongo akiwa Bruxelles hutafuta pia makayabu, akisema ndicho chakula cha kwao hasa. Kumbe samaki yule wa chumvi huvuliwa katika bahari baridi za kaskazini ya Ulaya, akaletwa Kongo katika masanduku! Muhogo nao ulitoka Amerika, ukaletwa na Wareno katika pwani ya Kongo yapata miaka mia nne na zaidi iliyopita. Mababu waliupokea mgeni huyo, wakampa kinu na chungu, na sasa nani atathubutu kumwambia mama wa Aru kwamba muhogo si wake?

Lakini lililotusukuma kuandika ni mizigo. Mama hukausha nyama kwa moshi juma zima, akaifunga vizuri, akampa msafiri aendaye kupanda ndege Entebbe. Huko Ulaya maofisa wa forodha huifungua mizigo, na nyama yote hutupwa, pengine na faini juu yake. Si kwa sababu ya dharau. Sheria ya Umoja wa Ulaya yakataza msafiri kuingiza nyama wala maziwa kutoka nchi zetu, kwa kuogopa magonjwa ya mifugo. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 hata mboga mbichi na matunda hutakiwa kuwa na hati ya serikali ya kuthibitisha afya ya mimea. Matunda matano tu yameachiliwa: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani, tunda la Asia ambalo halituhusu. Majani mabichi ya muhogo, basi, yasitiwe katika sanduku. Samaki wakavu waruhusiwa, wasizidi kilo 20 kwa mtu mmoja, na asali isizidi kilo 2. Twawasihi akina mama: fedha ya nyama itakayotupwa, inunulieni samaki wakavu, ama mpelekeeni mtoto fedha yenyewe.

Tena, kabla mtoto hajaondoka, awe wa kiume au wa kike, na aingie jikoni. Tumesikia habari za vijana wenye vyeti vikubwa wasioweza kupika sombe, wakaitia motoni dakika chache kama mchicha. Ni hatari, kwa maana majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kutwanga huifungua sumu hiyo, nako kuchemsha kwa muda mrefu, bila kifuniko, huiondoa. Kule kugandishwa hakuiondoi. Kwa hiyo sombe ya dukani yataka moto uleule wa nyumbani.

Na akifika dukani Matonge asitafute neno sombe juu ya mfuko, kwa kuwa pengine hataliona. Huandikwa pondu au saka-saka, kwa desturi ya watu wa Kinshasa.